Mturuki Aliyezaliwa Marnoch

Masouda binti Hamoud alichora ramani kwa zaidi ya miaka thelathini katika wizara moja ya pale Al Khuwair, na alipostaafu hakuhama mtaa. Alibaki kwenye fleti yake ya ghorofa ya tatu, na mahali ambapo wenzake wangeweka makochi ya wageni yeye aliweka meza ya kuchorea, pana kama kitanda. Mgeni akija, hukaa jikoni. Basi mdogo wake Jaifar alipotaka kuchorewa shajara ya ukoo, ule mti wenye majina ya mababu, hakuhangaika kutafuta duka. Alipanda ngazi akaenda kwa dada yake.

"Nnataka kitu cha haja, dada," alisema, huku akipangusa jasho chini ya kofia yake. "Watu wa Mazoon, mchumba wa Muatasim, wanakuja kwangu Azaiba siku ya milka, ndoa inapofungwa kabla ya harusi. Yule mama yake Mazoon, Bi Shahad, kwao wana shajara inayoonyesha ukoo pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Sitaki mwanangu aonekane kadondoka kutoka hewani."

"N'takuchorea."

"Kwa Bibi Aliya andika: binti Iskandar, Mturuki."

Masouda alikuwa anachonga penseli. Akaacha.

"Mturuki gani?"

"Dada, usianze."

"Nnauliza tu. Wa mji gani? Mwana wa nani?"

"Mturuki wa siku zote. Yule yule tuliyeambiwa tangu wadogo."

Bibi Aliya alikuwa mama wa baba yao. Alizaliwa Unguja akiwa na macho ya kijivu, na usoni na mikononi alikuwa na madoadoa ya hudhurungi ambayo hata uzee haukuyafuta. Alipoolewa na Bakhit, mama mkwe wake aliwatangazia majirani kwamba baba wa bibi harusi alikuwa Mturuki, na mambo yakaishia hapo. Uturuki huo ukawafuata mpaka Muscat waliporejea miaka ya sabini, ukakaa nao mezani kama mtu wa nyumbani. Mwenyewe Aliya hakuukana mbele za watu. Lakini alipokuwa jikoni na Masouda, wakichagua mchele kwenye sinia, alimwambia siku moja bila ya kuinua macho:

"Baba'ngu hakuwa Mturuki. Alikuwa Mskoti, fundi wa mitambo, Aleki Reni. Akasilimu, akaitwa Iskandar, akamuoa mama'ngu Radhia kwa shekhe na mashahidi. Mimi si mtoto wa njiani. Wewe kumbuka, kwani baba yako keshaamua kusahau."

Fundi huyo alikufa kwa homa wakati binti yake bado anatambaa, kwa hiyo yote aliyoyajua Aliya aliyapata kwa mama yake. Na Radhia alimwachia jambo moja lililomuuma mpaka mwisho: wazungu wa Unguja walimwita mumewe mwongo. Akiulizwa kwao wapi, huyu alimwambia Kithi, yule akamwambia Grenji. Mwengine akaambiwa Rothimei, na mwengine tena, Hantli, alikojifunza ufundi. Wakasema mtu asiye na mji mmoja ana jambo analolificha. Alipoingia Uislamu na kuoa mwanamke wa Kiunguja, wakasema, si tulikwambieni?

"Huyo Mskoti wa bibi, hata wenzake hawakumjua kwao," Jaifar alisema sasa, akisimama kuondoka. "Sisi tutamjulia wapi? Andika Mturuki, dada. Amekaa kimya miaka yote hii, hajatusumbua."

Masouda alimsikiliza akishuka ngazi, kisha akavuta karatasi kubwa akaanza na walio rahisi. Akamchora Bakhit na baba yake na babu yake wa Qurayyat. Akamchora Hamoud, baba yao. Alipofika kwa Aliya, mkono ukagoma. Alijaribu kuandika Mturuki kwa penseli nyepesi, akalitazama neno hilo, akalifuta. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuandika majina ya mahali pale yalipo. Aliwahi kugombana na mkurugenzi wake wiki nzima kwa sababu ya kijito kimoja kilichohamishwa upande wa pili wa kilima. Leo atampeleka mtu mzima Uturuki?

Siku iliyofuata alianza kumtafuta.

Alijifunza mambo upesi. Uskoti ya zamani iligawanywa katika parokia, yaani maeneo ya kanisa, kila moja na mipaka yake, na watu waliozaliwa, waliooa na waliokufa waliandikwa kufuata parokia zao. Kumbukumbu hizo sasa zilikuwa kwenye mtandao kwa yeyote mwenye subira. Kithi akaipata: Keith, mji mdogo wa kaskazini. Akatafuta Alexander Rennie aliyezaliwa Keith katika miaka iliyolingana. Wakatokea wawili. Moyo ukamruka, kisha ukarudi chini. Wa kwanza alikufa mchanga. Wa pili alikuwa muoka mikate, akaoa hapo hapo, akazeeka hapo hapo, na hakuiona bahari ila labda kwenye picha.

Alimwandikia mtafiti mmoja wa nasaba wa Edinburgh, bwana mwenye sifa nyingi. Jibu lake lilikuwa la adabu na lilikuwa baya. Kama Alexander Rennie hayumo Keith, alisema, basi hakuzaliwa Keith, na pengine hakuwa Rennie. Wanaume wengi waliokwenda makoloni walijipa majina mapya ili kukimbia madeni au wake zao. Alimshauri bibi mheshimiwa asijiumize.

Masouda alisoma barua pepe hiyo amesimama. Halafu akakaa, akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha wizarani: anamshukuru kwa muda wake, lakini mtu huyo alikuwa na mke mmoja tu, jina lake Radhia, na hakumkimbia. Kwa hiyo atamtafuta mwenyewe.

"Mwongo," alisema peke yake jikoni, akimimina chai ya maziwa. "Kila mtu mwepesi wa kusema mwongo."

Ilikuwa ni hasira hiyo iliyomsaidia. Alirudi mezani, akachapisha ramani ya sehemu ile ya Uskoti, akaitandaza, na badala ya kutafuta mtu, akatafuta miji minne aliyotajiwa na bibi yake. Keith hii hapa. Grenji ilikuwa Grange, inapakana nayo. Rothimei ilikuwa Rothiemay, mashariki kidogo. Hantli ilikuwa Huntly, kusini. Akaweka kidole gumba kwenye mmoja na cha shahada kwenye mwengine. Yote minne ilikaa karibu karibu, kama kutoka Azaiba mpaka Muttrah, mwendo ambao mtu mwenye miguu anaumaliza kwa siku.

Alikaa akiitazama ramani ile mpaka chai ikapoa. Mtu anayetaka kudanganya asili yake, alijiambia, angetaja Edinburgh. Angetaja Glasgow, au kasri fulani. Nani anajitungia uongo wa vijiji vinne visivyojulikana, halafu vikawa majirani?

Mtu huyu hakuwa na kwao kumoja. Alikuwa nako kwingi.

Basi akaacha kuuliza alizaliwa parokia gani. Akauliza swali jengine: alipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa, alikuwa akila chakula cha jioni katika nyumba ya nani? Akafungua sensa ya mwaka wa 1891 na kutafuta jina bila ya kutaja mahali, akaikagua nyumba moja baada ya nyengine, na alasiri ya siku ya pili akaipata katika parokia iitwayo Cairnie, ambayo bibi yake hakuwahi hata kuitaja. Baba, George Rennie, mtumishi wa shamba. Mama, Isabella. Na watoto wao, kila mmoja ameandikiwa alikozaliwa. Alexander, Marnoch. Margaret, Grange. Jane, Rothiemay. George mdogo, Keith. Na mchanga wa mwisho, hapo hapo Cairnie.

Kila mtoto na parokia yake.

Masouda alipiga meza kwa kiganja mpaka penseli zikaruka. Marnoch! Ndiyo maana hakumpata. Alexander alizaliwa Marnoch, na hakupataja kwa mtu yeyote kwa sababu aliondoka hapo akiwa hajaanza hata kutambaa. Akiulizwa kwao, alitaja pale alipopakumbuka: alipofunga viatu vyake kwa mara ya kwanza, alipokwenda skuli, alipofundishwa ufundi. Hakusema uongo hata mara moja.

Ila jina tu halikumtosha. Rennie walikuwa wengi, na yeye hakuwa mtu wa kuchora mto kwa sababu anaupenda uwepo. Aliandikia kikundi cha watu wa historia wa sehemu ile, akaeleza anamtafuta nani. Akajibiwa na mama mmoja mstaafu, Moira Duguid, aliyekuwa mkunga wa wilaya na sasa anazunguka makaburini kupiga picha za mawe kabla mvua haijayala.

Moira hakumuuliza Masouda kwa nini mwanamke wa Muscat anataka wafu wa Cairnie. Alimweleza maisha yao kama mtu anayeeleza ya jirani. Watumishi wa shamba waliajiriwa kwa muhula, alisema. Mwenye mke aliajiriwa mwaka, na nyumba ilikuwa ya tajiri wa shamba. Mwaka ukiisha, kama hamkuelewana, au shamba jirani lina farasi wazuri zaidi wa kulimia, au tajiri ana mdomo mchafu, mwisho wa mwezi wa Mei unapakia kitanda, sufuria na watoto kwenye mkokoteni, unahamia parokia nyengine. Watu walifikiri ni uzururaji. "Mimi naona," aliandika Moira, "ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kumwambia tajiri hapana."

Masouda aliisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Wiki chache baadaye ikaja picha. Moira alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyorowa na kulisugua jiwe kwa brashi laini, kwani limeota magamba ya kijani. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka. George Rennie, mtumishi wa shamba. Isabella, mkewe. Chini yao: *na mwana wao Alexander, fundi mitambo, aliyefia Zanzibar*. Na chini kabisa: *limesimamishwa na binti yao Margaret*.

Zanzibar. Neno lile, katika mvua ile, limechongwa na fundi wa mawe ambaye pengine ilibidi aulize herufi zake.

Hakulia. Aliinuka akafungua dirisha, vumbi na kelele za barabara kuu zikaingia, na akasema kwa sauti, "Bibi, nimempata, na hakuwa mwongo," kisha akafunga dirisha kwa sababu ya joto na akakaa kitako kufanya kazi.

Shajara ilitoka nzuri kuliko chochote alichowahi kukichora. Shina la wino mweusi, matawi yamepinda bila ya kubanana, majina kwa khati safi. Kwenye tawi la Aliya aliandika: *binti Iskandar, naye ni Alexander bin George Rennie, mtumishi wa shamba*. Na kando yake, mahali penye nafasi, alichora ramani ndogo ya parokia sita, Marnoch, Grange, Rothiemay, Keith, Cairnie na Huntly alikojifunza ufundi, na mstari mwekundu mwembamba wa mkokoteni ukitoka moja kwenda nyengine.

Jaifar alipokuja kuichukua aliisoma akitabasamu kutoka juu mpaka katikati. Kisha tabasamu likasimama.

"Nini hii?"

"Ndiyo yeye. Nimempata, Jaifar. Kaburi la baba yake lipo, na jina lake limo."

"Mzungu."

"Mskoti."

"Na baba yake..." Jaifar alisogeza miwani. "Mtumishi wa shamba? Umekaa miezi yote hii unatafuta, ukatuletea kibarua? Bidari wa kulima mashamba ya watu? Bidari wa kizungu, anayehamahama na mkokoteni wake kutoka kwa bwana huyu kwenda kwa bwana yule!"

"Bidari, ndiyo. Huko kwetu Qurayyat nani alikuwa anapanda mitende na kuichavusha? Malaika?"

"Dada, mimi sifanyi maskhara. Kama ilikuwa lazima awe mzungu, si ungeleta basi hata kepteni, hata daktari!"

"Nimeleta aliyekuwepo."

Jaifar alikaa kwenye kiti cha jikoni, na hasira ikamtoka kidogo. Akazungumza polepole. "Unakumbuka baba tuliporudi? Yule karani alimuuliza kijiji chenu kipi. Baba akasema Qurayyat. Karani akamwambia, mbona ndugu yako jana kasema kijiji chengine, nyinyi watu wa Zinjibar mna vijiji vingapi? Wakacheka ofisi nzima. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Basi? Mimi nilisema nikikua hakuna mtu atakayetucheka. Tutakuwa na mstari mmoja ulionyooka, wa kutoka hapa mpaka pale. Na wewe unaniletea parokia sita!"

"Baba hakusema uongo, na ami hakusema uongo. Babu zetu walihama kama wanavyohama watu. Kosa lilikuwa la yule karani kucheka, Jaifar, halikuwa letu. Wewe umeishi maisha yako yote unamjibu karani ambaye keshakufa. Mimi simjibu tena."

"Futa."

"Wino haufutiki."

"Basi chora nyengine."

"Sichori."

Alisema neno hilo bila ya kupandisha sauti, na Jaifar akajua, kama anavyojua mtu aliyelelewa na dada mkubwa, kwamba hakuna cha kuongeza. Akaondoka mikono mitupu.

Siku ya milka Masouda alivaa dishdasha yake ya zambarau na shela ya hariri akaenda Azaiba, kwani Muatasim alikuwa mtoto wa ndugu yake na hakuwa na ugomvi naye. Wanaume walikuwa wamekwenda msikitini kufungisha ndoa. Wanawake walijaa sebule kubwa, kwa udi na kahawa na halwa, na ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, ilining'inia shajara. Siyo yake. Jaifar alikuwa amepata duka. Masouda aliisogelea, akaifuata kwa macho. Hamoud bin Bakhit alikuwepo. Mahali pa mama yake Hamoud, jina lilipotakiwa kukaa, duka lilikuwa limechapisha ua. Ua zuri, waridi la dhahabu lenye majani mawili.

Alisimama mbele ya ua lile na kusikia masikio yake yakipata moto.

Bi Shahad alikuja akasimama kando yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, na alikuwa anasoma ukuta kama anavyosoma mtu risiti.

"Mashaallah," alisema. "Kazi safi. Na hili ua, ndiyo nani?"

Mke wa Jaifar akaleta haraka sinia la halwa. "Karibu, Bi Shahad, hii ya zaafarani..."

"Asante, ummi. Nnauliza tu. Kila mahali pana mtu, hapa pana ua."

Masouda angeweza kunyamaza. Baadaye wengi walimwambia hivyo. Lakini sinia la mchele lilimjia mbele ya macho, na mikono ile yenye madoadoa.

"Ni bibi yangu," Masouda alisema, kwa sauti ya kutosha chumba kizima. "Jina lake Aliya binti Iskandar. Babake alikuwa Mskoti, Alexander Rennie, fundi mitambo. Alisilimu Unguja akamuoa Radhia kwa shekhe na mashahidi. Baba wa huyo fundi alikuwa kibarua wa shamba. Alilima mashamba ya watu katika parokia tano, na akichoshwa na tajiri alipakia vitu vyake akaondoka. Kaburi lake lipo, nimeliona kwenye picha. Ndugu yangu ameona haya, mimi sioni. Aliyemtia ua bibi yangu asidhani kampamba. Kamfuta."

Udi ulisikika ukiungua. Mwanamke mmoja alicheka kwa woga akajiziba mdomo.

Bi Shahad hakugeuka. Alibaki analitazama lile waridi. Kisha akasema, taratibu, "Umemfikisha huyo mzungu mpaka kwa baba yake na kaburi lake. Vizuri. Na huyu Radhia? Yeye alikuwa binti nani?"

Masouda aliligeukia tena lile ua.

Hakujua ikiwa Bi Shahad alikusudia kumuumiza. Pengine ndiyo. Lakini swali lilikuwa la haki, na lilimpata pabaya kuliko neno lolote la Jaifar. Miezi yote aliyokesha na Marnoch na Cairnie hakujiuliza hata mara moja. Radhia alikuwa Radhia, mke wa fundi, mama wa Aliya, mwanamke aliyesimulia. Hakuwa na baba. Hakuwa na mji. Yeye naye, Masouda mwenye kelele, alikuwa amempitia kama ua ukutani.

"Sijui," alisema. Ilimgharimu kulisema. "Lakini n'tajua."

"Ukijua, nambie," alisema Bi Shahad, akachukua kipande cha halwa. Wakati huo huo vigelegele vikapigwa, wanaume walikuwa wamerudi, na Muatasim alikuwa keshakuwa mume wa mtu.

Jaifar alifika Al Khuwair kesho yake kabla ya adhuhuri. Hakukaa.

"Utakwenda kwa Bi Shahad kumtaka radhi."

"Kwani kakasirika?"

"Sijui kama kakasirika! Hiyo ndiyo shida, huyu mama hajulikani. Utakwenda."

"Siendi. Nilichosema ni kweli, na yeye ndiye aliyeuliza. Ila kuna jambo nnataka kukuuliza wewe. Radhia alikuwa binti nani?"

Jaifar aligeuza uso kuelekea kwenye friji. Ilikuwa sekunde tu, lakini Masouda alimlea huyu mtu.

"Kumbe unajua," alisema.

"Dada, huko usifike."

"Baba alikwambia."

"Aliniambia mimi kwa sababu mimi mwanamme. Aliniapisha. Wallahi, mzungu ni nafuu! Mzungu bidari n'tavumilia, tundika hata kwenye mnara wa saa! Lakini huko usifike."

"Mama yake Radhia alikuwa nani, Jaifar?"

Chini barabarani gari lilikuwa linapiga honi mbele ya duka la chai. Jaifar alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu.

"Kijakazi. Aliletwa kutoka bara akiwa msichana, katika nyumba ya bwana mmoja huko Unguja. Yule bwana ndiye baba wa Radhia, lakini hakumtia katika watoto wake. Ndiyo maana Radhia hakuwa na wa kumzuia akiolewa na fundi wa kizungu. Hakuna aliyemtaka."

Masouda alishika ukingo wa meza. "Jina lake?"

"La nini sasa?"

"Jina lake, Jaifar."

"Walimwita Zaafarani. Hilo ni jina la kupewa. La kwao hakuna anayelijua."

Masouda alivuta karatasi mpya, akaibandika pembe nne. Herufi zilitoka sawa. Akaandika *Zaafarani*, katikati, kwa wino, na chini yake akaacha nafasi wazi.

"Ukiliandika hilo," Jaifar alisema kutoka mlangoni, "usililete nyumbani kwangu."

"Sitolileta. Anayetaka kumuona bibi yake atapanda ngazi aje hapa."

Jaifar hakuongea naye mpaka Ramadhani ikapita, na hata alipoongea ilikuwa kuhusu bei ya mbuzi wa Iddi. Harusi ilifanyika, na Bi Shahad hakuivunja wala hakusema kama aliwahi kufikiria kuivunja. Wa kwanza kupanda ngazi walikuwa maharusi wenyewe. Mazoon alikaa muda mrefu mbele ya ile nafasi wazi, akauliza kama kina mama wa kwao wanaweza kutafutwa pia, kwa sababu kwenye shajara yao maarufu kuna wawili ambao mamake hukasirika wakitajwa.

"Wote wanatafutika," Masouda alimwambia. "Baadhi wanachelewa tu kupatikana."

Aliposafiri kwenda Unguja, alikuwa na begi moja dogo na bomba la plastiki la kubebea ramani. Kijana wa forodha wa uwanja wa ndege alimtaka alifungue. Akatoa karatasi ndefu, nyeupe, yenye neno moja tu.

"Mama, hii ramani ya wapi?" aliuliza.

"Bado sijui," Masouda alisema. "Ndiyo nnakwenda kuichora."